Sedani ya Haibridi: Jinsi ya Kuiendesha kwa Utulivu na kwa Mafuta Kidogo

Anayetoka kwenye gari la kawaida na kuingia kwenye sedani ya haibridi (yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme) huwa na malalamiko mawili wiki ya kwanza: breki zinang'ata, na injini inaamka na kulala inapojisikia. Wiki ya pili anaongeza la tatu, kwamba mafuta yanakwisha mapema kuliko alivyoahidiwa. Yote matatu huponywa na mguu mmoja, ule wa kulia. Kwenye haibridi, kinachomtikisa abiria ndicho kinachomwaga mafuta. Ukikanyaga kwa pupa, injini inashtuka na kunguruma. Ukifunga breki kwa pupa, mwendo uliokwisha kuulipia unageuka kuwa joto kwenye diski. Kwa hiyo hapa chini sitazitenganisha starehe na mafuta. Nazifuata pamoja, hatua kwa hatua.

Ninazungumzia haibridi zisizochomekwa kwenye umeme wa nyumbani. Shika hilo, kwa sababu ndilo linalofafanua mambo mengi: umeme wote ulio kwenye betri ya gari hilo ulianza kama petroli ndani ya tangi lako.

Hatua ya 1: Jua una haibridi ya aina gani

Neno ni moja, mashine ni tofauti. Toyota Prius ya kwanza, iliyotoka mwaka 1997 (watu husahau kwamba ilikuwa sedani ya milango minne), ilileta mpangilio ambao Camry iliurithi mwaka 2006. Injini na mota mbili zimeunganishwa kwa seti moja ya gia za sayari, yaani gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati. Hakuna klachi, hakuna gia za kupanda na kushuka, wala starta ya kawaida. Mota moja ndiyo inayoizungusha injini mpaka ifikie kasi ya kutosha, ndipo mafuta yaingizwe. Ndiyo maana inapowaka husikii ule mkwaruzo wa starta. Ubaya wake unauona unapokanyaga mpaka chini: injini inapanda mizunguko na kubaki huko huko ikilia kwa sauti moja, huku gari likijivuta kuufuata ule mlio.

Honda Accord ya mota mbili inafanya kazi kwa namna nyingine. Mara nyingi injini yake haigusi magurudumu. Inazungusha jenereta, na mota ndiyo inayosukuma gari. Ukifika mwendo wa barabara kuu, klachi inafunga na injini inaendesha magurudumu moja kwa moja. Nissan, kwenye magari yake ya e-Power, imekwenda mbali zaidi: injini haisukumi magurudumu hata siku moja. Hyundai Sonata nayo ina giaboksi ya otomatiki ya gia sita, na mota imekaa kati ya injini na giaboksi hiyo. Hii ya mwisho ndiyo inayomstarehesha zaidi dereva wa zamani, kwa sababu sauti ya injini inapanda na kushuka kama alivyozoea. Lakini pia ndiyo inayoweza kukupa mshtuko mdogo pale klachi inapoikaribisha injini katika mwendo mdogo.

Kwa nini ujue haya? Kwa sababu ukiwa na Camry, mlio wa juu usiobadilika si ugonjwa. Ukiwa na Sonata, mlio huo huo ni sababu ya kumwona fundi.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kubadilisha chochote

Kioo cha dashibodi kinakupa makadirio. Kipimo cha kweli ni pampu. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, weka kihesabu cha safari kwenye sifuri, endesha kama kawaida yako, kisha ujaze tena vilevile. Gawanya kilomita kwa lita. Fanya hivyo kwa matangi matatu na uchukue wastani, maana tangi moja linadanganya: pampu nyingine hukata mapema, na gari likiwa limeegemea upande mmoja tangi halijai sawasawa.

Upate kitu cha kulinganisha: vipimo rasmi vya Marekani vya Camry haibridi ya 2018, toleo la LE, ni sawa na takriban lita 4.5 kwa kilomita 100, yaani kilomita 22 kwa lita. Toleo la SE la mwaka huo huo, lenye injini ile ile, ni takriban lita 5.1. Tofauti hiyo haikutoka kwa dereva. Imetoka kwenye uzito, rimu kubwa na aina ya betri. Ukimwona jirani anakushinda kilomita mbili kwa lita, angalia kwanza rimu zake kabla hujaanza kujilaumu.

Hatua ya 3: Ondoka kama mtu aliyeamua

Hapa ndipo wengi hukosea kwa nia njema. Wanasoma kwamba haibridi huenda kwa umeme, basi wanaondoka kwenye taa kama wamebeba mayai, injini isiwake. Gari linajikokota kwa umeme mita mia mbili, betri inashuka, kisha injini inawaka na kufanya kazi mbili kwa mpigo: kusukuma gari na kurudisha ulichokichota. Umeme ule uligharimu petroli kuutengeneza, ukapungua ulipoingia kwenye betri, ukapungua tena ulipotoka. Kila mlango unatoza ushuru wake.

Injini za haibridi nyingi hufuata mzunguko wa Atkinson. Vali ya kuingiza hewa inachelewa kufunga, kwa hiyo mchanganyiko unabanwa kidogo lakini unapanuka sana baada ya kuwaka, na nguvu nyingi zaidi inakamuliwa kutoka kwenye tone lile lile. Injini ya lita 2.5 ya Camry iliyoanza 2018 inatajwa na Toyota kufikia ufanisi wa asilimia 41, kiwango cha juu kwa injini ya petroli. Lakini ufanisi huo haupatikani injini ikiwa inapiga usingizi. Unapatikana injini ikiwa na mzigo wa wastani, kwenye mizunguko ya chini hadi ya kati.

Basi fanya hivi. Liache gari lianze kutembea kwa umeme mita chache za mwanzo, kisha kanyaga kwa uhakika mpaka mshale wa nguvu ufike sehemu ya juu ya eneo la Eko (la kubana mafuta), bila kuvuka. Injini itawaka kimyakimya kwa sababu haikuamshwa kwa kelele. Shikilia pedali hapo pasipo kupandisha na kushusha, mpaka ufikie mwendo unaoutaka. Ukifika, achia kidogo. Mara nyingi injini itazima papo hapo na gari litaendelea kuteleza.

Kile kitufe cha EV, kinacholiamuru gari liende kwa umeme tu, kiache kwa ajili ya kutoa gari uani alfajiri watoto wakiwa wamelala. Kwa kubana mafuta hakina faida.

Hatua ya 4: Jifunze kuteleza

Kati ya kukanyaga mafuta na kufunga breki kuna nafasi ya tatu ambayo dereva wa gari la kawaida haijui vizuri. Ukiachia pedali kabisa, haibridi huanza kuvuna umeme na gari linapungua mwendo kama vile umegusa breki kidogo. Ukigusa pedali kwa uzito wa kidole, mshale unakaa katikati: hauchaji, hauchoti. Gari linakwenda kwa mwendo wake lenyewe.

Huo ndio mwendo wa bei nafuu kuliko wote. Nishati iliyobaki kwenye mwendo haipiti kwenye mlango wowote, kwa hiyo hailipi ushuru. Ukiona mbele kuna nafasi ndefu, teleza. Ukiona taa nyekundu au foleni imesimama, hapo ndipo uachie kabisa uvune.

Lakini kuna wapenzi wa mchezo huu wanaosukuma mpaka kilomita 70, wakateleza mpaka 40, wakasukuma tena, safari nzima. Unabana mafuta kweli, ila abiria wa kiti cha nyuma atashuka na kichefuchefu, na aliye nyuma yako atakupigia honi. Mimi nilijaribu kwa wiki mbili nikaacha. Kuteleza pale barabara inapokuruhusu kunatosha.

Usitelezeshe gari kwenye nyutro. Kwenye mifumo ya Toyota, nyutro hukata uvunaji na uchajishaji, na ukikaa nayo muda mrefu kwenye foleni betri itaendelea kushuka bila kurudishiwa kitu.

Hatua ya 5: Funga breki kwa hesabu

Kama utachukua hatua moja tu kwenye mwongozo huu, chukua hii.

Sedani ya kilo 1,600 ikiwa kwenye kilomita 60 kwa saa ina nishati ya mwendo ya takriban kilojuli 220. Ni kidogo ukilinganisha na betri yenyewe, ambayo kwenye sedani nyingi za namna hii huwa na kilowati-saa moja hadi moja na nusu hivi, yaani mara kumi na sita au zaidi ya kiasi hicho. Nafasi ya kuhifadhi ipo. Kinachokwamisha ni kasi ya kupokea. Ni sawa na pipa kubwa lenye mdomo mwembamba: ukimimina ndoo nzima kwa mkupuo, mengi yanamwagikia nje.

Tufanye hesabu. Ukisimama kutoka kilomita 60 kwa sekunde 17 hivi, magurudumu yanataka kurudisha kilowati 26 mwanzoni mwa breki, halafu kiasi kinazidi kupungua. Mfumo wa sedani ya haibridi hupokea sehemu kubwa ya hizo. Ukingoja mpaka dakika ya mwisho na kusimama kwa sekunde sita, magurudumu yanataka kurudisha kilowati 74 mwanzoni. Betri haiwezi. Kompyuta inachukua inachoweza na kuzipa pedi kilichobaki, na pedi hazina pa kukiweka isipokuwa kukitupa kama joto.

Kwa hiyo anza kufunga breki mapema, kwa uzito mdogo usiobadilika, na uangalie mshale kwenye eneo la Chaji. Ukiona umegonga mwisho, umezidisha. Dashibodi nyingine hutoa alama kila unaposimama. Asilimia 90 na zaidi ni kazi nzuri, ingawa hiyo ni hesabu ya gari lenyewe na huwa na upendeleo kidogo.

Sasa ule mng'ato. Pedali ya breki ya haibridi haipeleki nguvu ya mguu wako moja kwa moja kwenye pedi. Inapeleka ombi kwa kompyuta, nayo inagawa kazi kati ya mota na pedi. Gari linapokaribia kusimama, karibu na kilomita 10 kwa saa, mota haina tena cha kuvuna na pedi zinapokea kijiti. Hapo ndipo vichwa vya abiria vinapoitikia. Dawa yake: mwendo ukishuka hadi kasi ya mtu anayekimbia, legeza mguu kidogo sana, na uulegeze tena sekunde ya mwisho kabla ya magurudumu kusimama. Inachukua siku tatu nne kuzoea. Baada ya hapo unaweza kusimamisha gari na chai ikabaki kikombeni.

Pedi hutumika kidogo, na hilo lina upande wake wa pili. Diski zinaota kutu na vijiti vya kalipa (kile kibanio cha pedi) vinakwama kwa kukosa kazi. Mara moja kwa wiki, barabara ikiwa wazi na hakuna mtu nyuma, funga breki kwa nguvu mara mbili tatu kuzisugua. Mafuta ya breki yabadilishwe kwa ratiba ya kitabu hata kama pedi zinaonekana mpya.

Hatua ya 6: Milima

Gari la kilo 1,600 likishuka mita 100 za kimo linaachia karibu kilowati-saa 0.44. Hapo utaona kwa nini mteremko mrefu unaijaza betri ndogo upesi, hasa ukijua kwamba gari halitumii betri yote. Hubakia kwenye sehemu ya katikati ili betri idumu. Betri ikijaa katikati ya mteremko, gari linaanza kuizungusha injini bila mafuta ili kujizuia, na utasikia mlio mkubwa ghafla. Usiogope, halichomi mafuta.

Kama mteremko ni mrefu na unaujua, hamia kwenye B (nafasi ya gia inayolizuia gari kwa kutumia injini) tangu juu, pedi zisichemke. Ila usiendeshe kwenye B siku zote ukidhani inavuna zaidi. Kwenye tambarare, breki laini ya mguu inavuna vizuri zaidi, kwa sababu B inapoteza sehemu ya nguvu katika kuizungusha injini.

Unapopanda, usipiganie mwendo. Acha gari lipoteze kilomita tano au kumi kwa saa kadiri usalama unavyoruhusu, na utarudishiwa upande wa pili. Mfumo wa kushikilia mwendo haujui kuona kilele. Unakanyaga mpaka juu kabisa na injini inalia. Milimani uzime, uutumie tambarare.

Hatua ya 7: Barabara kuu

Faida ya haibridi ni kubwa mjini na hupungua kadiri mwendo unavyopanda, kwa kuwa hakuna cha kuvuna na upepo ndio bwana. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 100 hadi 120 kwa saa, unaongezeka kwa asilimia 44. Kwa hiyo tofauti ya dakika chache za kufika ina bei yake, na bei hiyo inalipwa kwa kelele pia, kwani kwenye mwendo huo sauti kubwa ndani ya sedani inatoka kwenye upepo na tairi, si injini.

Mifumo ya zamani ilikuwa na mipaka yake. Prius ya kizazi cha pili haikuweza kuacha injini isimame kabisa ikizidi kilomita 67 kwa saa hivi, kwa sababu mota moja ingezunguka kupita uwezo wake. Sedani za sasa huzima injini hata kwenye mwendo wa barabara kuu, kwa hiyo mguu mwepesi unalipa huko pia.

Unapotaka kulipita lori, jiandae mapema: kanyaga taratibu ukiwa bado nyuma, injini iwake na kutulia, ndipo uongeze. Anayekanyaga mpaka sakafuni wakati tayari ameshatoka upande anapata kelele kwanza na mwendo baadaye.

Ukitumia ule mfumo unaofuata gari la mbele, weka umbali mrefu zaidi. Ukiweka mfupi, utakanyaga na kufunga breki kila aliye mbele anapokohoa.

Hatua ya 8: Safari fupi, joto na baridi

Injini baridi lazima iwake ili ipashe moto maji na kisafisha moshi, hata kama betri imejaa. Ukiwasha gari mara nne kwa siku kwa safari za kilomita mbili, unalipia upashaji huo mara nne. Unganisha shughuli, na uanze na ile ya mbali zaidi, injini ikishapata moto izime na kuwaka kwa uhuru njia ya kurudi. Pahali pa baridi kali, kipasha joto cha ndani kinategemea maji ya injini, kwa hiyo kukiwasha kwa nguvu kunaizuia injini kupumzika.

Kiyoyozi cha haibridi kinaendeshwa kwa umeme, na ni raha kukaa kwenye foleni injini imezima na ubaridi unaendelea. Gari likiwa limechomwa na jua, fungua madirisha dakika moja ya mwanzo, joto litoke kwa bure, ndipo ufunge na uzungushe hewa ya ndani.

Usikizime kabisa siku za joto kali, maana betri nyingi za sedani hupoozwa na hewa ya ndani ya gari. Betri inapenda hali ya hewa ile ile anayoipenda abiria. Tundu la kuvutia hewa liko karibu na kiti cha nyuma, na nimeshaona limefunikwa na shuka, mabegi na hata kiti cha mtoto. Liache wazi, na chujio lake lisafishwe. Manyoya ya mbwa na vumbi huliziba bila wewe kujua.

Hatua ya 9: Tairi na oili

Upepo wa tairi upimwe kila mwezi, tairi zikiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Unapobadilisha tairi, chagua zenye mkokoto mdogo (zinazobingirika kwa urahisi) na zenye utulivu. Tairi ngumu za bei rahisi zinakula mafuta na zinalia, na kwenye gari ambalo injini hunyamaza, mlio huo hauna pa kujificha. Oili iwe ya uzito ulioandikwa kwenye kitabu, mara nyingi 0W-16 au 0W-20. Fundi atakayekushauri uweke nzito "kwa sababu ya joto" anakuongezea msuguano.

Hatua ya 10: Sikiliza

Mlio mwembamba unaporudi nyuma polepole ni wa kuwatahadharisha watembea kwa miguu. Kubofya ukiwasha gari ni swichi za betri kubwa. Kwenye Toyota nyingi, mvumo mfupi ukifungua mlango wa dereva ni pampu ya breki inajiandaa. Hayo yaache.

Yasiyopaswa kuachwa ni haya. Injini ikitikisika na kugonga inapowaka asubuhi, wakati hapo awali ilikuwa laini, mwambie fundi aangalie mfumo wa kurudisha moshi kama umejaa masizi, na kiwango cha maji ya kupoza. Feni ya betri ikivuma kwa nguvu kila siku, anza na chujio. Kipimo cha betri kikipanda na kushuka haraka kutoka karibu kujaa hadi karibu kuisha ndani ya dakika chache, seli zimechoka, na utaliona kwanza kwenye injini inayowaka na kuzima mfululizo. Na gari likikataa kuwaka kabisa huku betri kubwa ikiwa salama, shuku ile ndogo ya volti 12. Ndiyo inayoamsha kompyuta.

Nyaya za rangi ya machungwa zina umeme mkubwa wa kuua. Usiziguse, na usimruhusu fundi asiye na mafunzo ya haibridi aziguse.

Baada ya mwezi mmoja rudi kwenye pampu na urudie vipimo vya hatua ya 2, matangi matatu, pampu ile ile kama inawezekana.